Stika ya Nyuma ya Mashine ya Tiba: Maswali na Majibu

Jamaa ametuletea mashine ya oksijeni kutoka Marekani. Imeandikwa 120 V~ 60 Hz. Tuichomeke?

Msiichomeke. Umeme wa Unguja na Pemba ni 230 V, 50 Hz. Wengi hukimbilia transfoma, nayo kweli hushusha volti, lakini Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde) zinabaki 50. Mota iliyoundwa kwa 60 Hz huzunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita, hupata moto, na pampu husukuma hewa pungufu. Mashine itanguruma kama nzima huku mgonjwa akipata oksijeni hafifu. Stika ikisema 100–240 V, 50/60 Hz, mnahitaji plagi inayofaa tu.

Kuna mraba ndani ya mraba. Maana yake?

Ina kinga mbili za umeme, haitegemei waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini). Mashine yenye waya wa ethi na isiyo na alama hiyo lazima ipate ethi iliyo hai. Adapta ya pini mbili, au ile tabia ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi iingie, inaikata ethi. Siku waya wa moto ukigusa bodi la chuma, anayelishika ndiye njia ya umeme.

Na kijimtu, na moyo?

Hizi zinahusu sehemu inayomgusa mgonjwa, kwa hiyo zitafute karibu na tundu la waya wake. Kijimtu peke yake ni aina B. Kijimtu ndani ya mraba ni BF, na kipimo cha presha cha nyumbani mara nyingi ni hiki. Moyo ndani ya mraba ni CF, na ni hii tu inayofaa kuunganishwa moja kwa moja na moyo. Kiwango cha IEC 60601-1, cha kimataifa cha usalama wa mashine za tiba za umeme, kinaruhusu umeme unaovujia mgonjwa, mashine ikiwa salama, usizidi miliampia 0.1 kwa B na BF, na 0.01 kwa CF.

Alama ikiwa na vipande viwili kama mabano pembeni, waya unaweza kubaki mwilini mgonjwa anaposhtuliwa moyo. Pasipo vipande hivyo, uondoeni kwanza.

IP22 ina maana naweza kuiosha?

La. Tarakimu ya kwanza inasema kidole hakiingii. Ya pili inasema inahimili matone hata ikiinama nyuzi 15. Kwa paa linalovuja wakati wa masika inasaidia kidogo. Kwa usafi, zima, chomoa, pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Stika bandia nitaijuaje?

Hakuna kipimo cha dukani kinachotosha. Ila kiwango hichohicho kinataka maandishi yasifutike yakisuguliwa kwa mkono sekunde 15 kwa maji, kisha 15 kwa spiriti, kisha 15 kwa alkoholi ya isopropili. Maandishi yakiyeyuka kwa spiriti, tia shaka (muuzaji akikukataza kujaribu, hilo nalo ni jibu). Tazama pia jina na anwani ya mtengenezaji pembeni mwa alama ya kiwanda, na nambari baada ya SN, yaani nambari ya mashine hiyo yenyewe.

Fyuzi inaungua kila mara. Fundi anataka kuweka kubwa zaidi.

Mkatalieni. Karibu na tundu lake pameandikwa kitu kama T2AL 250V: T ni fyuzi inayochelewa kukatika, 2A ni ampia mbili. Ukiweka ya F, inayokatika haraka, inaweza kukatika kila unapowasha bila hitilafu yoyote. Ukiweka ya ampia 5 au kipande cha waya, kitakachoungua ni transfoma ya ndani. Ya aina sahihi ikiungua tena, mashine ina shoti au hitilafu nyingine ndani. Ichomoeni mpaka ifunguliwe na kupimwa.