Familia Kuvuka Bahari kwa Mashua ya Matanga: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mzazi anapotangaza kwamba atavuka bahari kuu pamoja na watoto wake katika mashua ya matanga, wasiwasi wa jamaa na marafiki huelekea kwenye dhoruba, papa na mawimbi makubwa. Wasiwasi huo hutokana na mapenzi na haustahili kudharauliwa, ila mara nyingi hutazama upande ambao hatari haipo. Yanayoielemea familia katikati ya bahari ni mambo ya kila siku, usingizi ukiwa wa kwanza, na hayo ndiyo yanayopaswa kupangiwa mapema, mashua ikiwa bado bandarini.

Wengi hudhani kwamba jioni ikifika mashua hutia nanga na watu wote wakalala. Kina cha wastani cha bahari kuu ni takribani mita 3,700, na hakuna mnyororo wa mashua ya familia unaofika huko. Chombo husafiri usiku na mchana, na Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa mwaka 1972, inataka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia na kusikiliza wakati wote. Usukani wa kujiendesha hushika mwelekeo tu. Hauioni meli ya mizigo ambayo, tangu ichomoze kwenye upeo wa macho, inaweza kuifikia mashua kwa dakika 20 hivi. Kwa hiyo baba na mama hupokezana zamu za saa 3 au 4, mmoja akiwa juu na mwenzake amelala.

Hapo ndipo inapoanguka dhana nyingine, ile ya kwamba safari huwaweka wazazi pamoja kutwa kucha. Ukweli ni kwamba mume na mke wanaweza kukaa wiki 3 katika chombo cha mita 12 na wasipate nafasi ya kuzungumza kwa utulivu isipokuwa dakika chache za kukabidhiana zamu, mmoja akivua koti la mvua huku akieleza upepo umegeukia wapi, na mwingine akifunga vifungo vya lake. Watoto nao huamka alfajiri wakiwa wameshiba usingizi, wakati mzazi aliyekesha ndiyo kwanza anajilaza. Uchovu wa namna hiyo hulimbikizana. Humfanya mtu asahau kufunga kifuniko, asome dira vibaya, amkaripie mtoto bila sababu. Kwa maoni yangu, wazazi wenye watoto wadogo wafikirie kwa dhati kumchukua mtu mzima wa tatu, kwa kuwa zamu za saa 3 zikigawanywa kwa watu watatu humwachia kila mmoja saa 6 mfululizo za kupumzika, na tofauti hiyo huonekana kuanzia siku ya tatu.

Kuhusu dhoruba, msimu ndio unaoamua kwa sehemu kubwa. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na ndiyo maana mashua nyingi zinazotoka Visiwa vya Canary, karibu na pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika, kwenda Karibi, safari ya takribani maili 2,700 za baharini, huondoka kati ya mwisho wa Novemba na Januari, zikisukumwa na pepo za biashara, yaani pepo za kudumu zinazovuma kuelekea magharibi, zinazotoka nyuma. Mawimbi marefu ya bahari kuu huinyanyua mashua na kuishusha. Yale mafupi yenye ukali hupatikana zaidi kwenye kina kifupi karibu na pwani, ambako pia kuna miamba na msongamano wa vyombo.

Papa hawana nafasi kubwa katika mazungumzo haya. Hatari ya kweli kwa mtoto ni ukingo wa mashua. Chombo kinachokwenda fundo 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa, husogea takribani mita 185 kwa dakika moja, na kichwa cha mtu majini hupotea machoni nyuma ya wimbi la mita 2 hata kabla matanga hayajashushwa. Kwa sababu hiyo familia makini hufunga wavu kuzunguka vyuma vya pembeni, na mtoto hatoki chumbani kabla hajavaa jaketi okozi na mkanda ulionaswa kwenye mashua, hata bahari ikiwa shwari. Hatari ya pili iko jikoni. Jiko huning'inizwa ili libembee pamoja na chombo, birika hubanwa kwa vishikizo, kikombe hujazwa nusu tu, na mpishi huvaa suruali nzito ya mvua hata kwenye joto, kwa kuwa maji yanayochemka yakimwagika mapajani, siku 10 kutoka hospitali yoyote, hakuna wa kukimbiliwa.

Husemwa pia kwamba watoto hutapika njia nzima. Kichefuchefu cha baharini hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni, na watu wengi huzoea ndani ya siku 2 au 3. Watoto walio chini ya miaka 2 hupatwa nacho kwa nadra. Wale wa umri wa shule ya msingi ndio husumbuka zaidi. Jambo la kuogopwa ni upungufu wa maji mwilini, hivyo mtoto anayetapika hupewa maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, bila kukoma.

Maji ya kunywa nayo yana dhana yake, kwamba mtambo wa kuchuja chumvi umemaliza tatizo. Mtambo huharibika. Familia ya watu 4 ikitenga lita 4 kwa kila mtu kwa siku itahitaji lita 336 kwa siku 21, na ni busara kuyagawa katika matangi mawili yasiyounganika, ili tangi moja likichafuka lingine libaki salama.

Masomo hayakwami. Kati ya Canary na Karibi saa hurudishwa nyuma mara nne, na mtoto anayehesabu nyuzi 15 za longitudo kwa kila saa anajifunza jiografia kwa jambo lililo mbele yake.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya kwamba siku hizi ukibonyeza kitufe, helikopta itafika. Mwaka 1972 familia ya Robertson, ambayo mashua yake ilizamishwa na nyangumi wauaji magharibi ya visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki, ilielea siku 38 bila yeyote kujua ilipo, hadi ilipookolewa na mashua ya wavuvi wa Japani. Tangu mwaka 1982 mfumo wa setilaiti wa Cospas-Sarsat umekuwa ukipokea ishara za dharura, na kifaa cha masafa ya megahezi 406 leo hueleza mahali chombo kilipo. Hata hivyo helikopta haifiki katikati ya bahari. Anayekuja ni meli ya mizigo iliyo karibu, na huenda ikachukua siku moja au zaidi. Wazazi wanapaswa kuondoka wakijua kutibu jeraha, kuziba tundu na kurekebisha usukani wao wenyewe.

Mwisho kuna imani kwamba nchi kavu ikionekana hatari imekwisha. Ni wakati huo ambapo wazazi wamechoka kuliko siku zote, watoto wanashangilia, na miamba iko karibu. Wanaojali hupunguza matanga, hukaa maili kadhaa nje ya bandari hadi jua lipande, kisha huingia polepole wakiwa wamepandisha bendera ya manjano ya kuomba ukaguzi. Watoto hubaki ndani ya mashua huku nahodha akishuka peke yake na pasipoti za wote.