Ukuta wa Kuzuia Udongo Si Fensi

Mvua za vuli zinakaribia, na malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu la ukaguzi yanafanana: ukuta umetoa tumbo, jirani wa chini hapati usingizi, fundi hashiki simu. Tunaamini hakuna mwenye nyumba anayejenga akitaka ukuta uanguke. Ila tumechoka kusikia, "Hii ni fensi tu, mhandisi."

Si fensi. Fensi ina hewa pande zote mbili. Ukuta uliojaziwa udongo upande mmoja unasukumwa usiku na mchana, na msukumo huo hauongezeki kidogo kidogo kama watu wanavyodhani: ukuta wa mita 2 unabeba takribani mara nne ya msukumo wa ukuta wa mita 1. Ndiyo maana kuongeza kozi (safu za mawe) tatu juu ya ukuta wa zamani, eti uwanja uwe sawa watoto wapate pa kuchezea, ni jambo tunalolikataa bila mjadala. Ukuta wa mawe unaotegemea uzito wake huhitaji kitako chenye upana wa kati ya nusu na theluthi mbili ya kimo chake. Mstari mmoja wa mawe ya Ndarugo, yale ya kuchongwa ya kujengea, ya inchi 9 hauna uzito huo, hata ukipakwa plasta ya kupendeza namna gani.

Kinachouangusha hasa ni maji. Mvua ikizama nyuma ya ukuta na kukosa pa kutokea, uzito wa maji unajumlishwa kwenye ule wa udongo. Weka mabomba ya PVC ya milimita 75 yanayopenya ukuta kila baada ya mita 1.5 hadi 2, yakiinama kuelekea nje, na nyuma yake tabaka la kokoto lenye unene wa milimita 300 lililofunikwa kitambaa cha kuchuja udongo. Mara nyingi tunayakuta mabomba yamepangwa vizuri usoni mwa ukuta, lakini mkaguzi akichomeka kipande cha nondo, kinagonga saruji kabla ya kuzama kiganja. Hayo ni mapambo.

Kwa ukuta wa zege, nondo kuu za wima hukaa upande wa udongo, kwa kuwa upande huo ndio unaovutika. Fundi akizipanga upande wa nje, umelipia chuma kisichofanya kazi.

Embakasi na South C hapa Nairobi, penye udongo mweusi, chimba msingi mpaka uupite udongo huo. Hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Usiutumie kujazia nyuma ya ukuta pia, hata kama lori la kuleta changarawe ni ghali.

Sasa kibali. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 kinataka kibali cha kaunti kabla ya kuanza ujenzi. Anayeanza bila kibali anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ukipewa notisi ya utekelezaji, yaani amri ya kaunti ya kusimamisha au kurekebisha ujenzi, chini ya kifungu cha 72, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango, nayo ina siku 30 za kuamua. Usiporidhika, unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku zinahesabiwa tangu ulipokabidhiwa notisi, si tangu ulipoisoma. Kuipuuza ni kosa jingine lenye adhabu ile ile. Zaidi ya hayo, Kanuni za Ujenzi za Taifa za 2024 zilianza kutumika Machi 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968, kwa hiyo michoro ya zamani uliyorithi na ploti irudi kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Binamu anayejua mjengo hahesabiki.

Mwite mkaguzi mara mbili: msingi ukiwa wazi, na kabla hujajazia nyuma. Akija baada ya udongo kurudishwa, hawezi kuona kokoto wala nondo, na ana haki ya kuagiza ufukue.

Kama ukuta wako tayari umeinama au una ufa wa mlalo, usiuzibe kwa saruji. Ondoa gari na matangi ya maji yaliyo kwenye udongo wa upande wake wa juu, mwarifu jirani wa chini, kisha mlete mhandisi kabla mvua haijaanza.