Mary Stuart hakuuawa kwa wivu

Zikitajwa njama dhidi ya Malkia Elizabeth I wa Uingereza, hazipiti aya mbili kabla mtu hajaandika kwamba Elizabeth alimwonea wivu "binamu" yake Mary wa Uskoti kwa uzuri wake, akamkata kichwa. Nimelisoma hilo mara nyingi mno, na leo nalijibu. Wivu hauelezi kwa nini mtu amweke hasimu wake kizuizini karibu miaka 19, kisha amuue akiwa na miaka 44, mgonjwa wa viungo, bila kuonana naye hata siku moja. Hata huo ubinamu wenyewe una walakini. Nyanya yake Mary, Margaret Tudor, alikuwa dada wa Henry VIII, baba yake Elizabeth. Kwa hesabu za ukoo wetu, Elizabeth ni shangazi wa Mary.

Kilichomuua Mary ni sheria ya Bunge ya 1585, pamoja na barua moja ambayo sheria hiyo iliihitaji.

Ya nyuma nayapitia haraka. Mary, Mkatoliki na malkia wa Uskoti aliyeng'olewa kitini, mwenye dai pia la kiti cha Elizabeth, alivuka kuingia Uingereza Mei 1568, akawekwa kizuizini. Novemba 1569 mabwana wawili wa kaskazini, Northumberland na Westmorland, waliasi, wakaingia kanisa kuu la Durham, wakachana Biblia za Kiingereza na kurudisha Misa ya Kikatoliki. Papa Pius V alitoa waraka wa kumtenga Elizabeth, Mprotestanti, na Kanisa na kuwafungua raia wake kiapo cha utii tarehe 25 Februari 1570, uasi ukiwa umeshazimwa. Kwa hiyo waraka haukuwafaa waasi kitu. Mzigo wake uliwaangukia Wakatoliki wa kawaida wa Uingereza, wengi wao wasiotaka kuasi, ambao sasa kila mmoja alionekana msaliti mtarajiwa. Mwaka 1571 ikafichuka njama ya Ridolfi, ya kumpindua Elizabeth na kumweka Mary, na Duke wa Norfolk aliyehusika nayo akakatwa kichwa tarehe 2 Juni 1572. Bunge la mwaka huohuo lilidai na kichwa cha Mary. Elizabeth akakataa. Anayeshikilia wivu na anieleze huo mwaka wa 1572.

Hofu ya kweli iliingia baadaye. Njama nyingine ya namna hiyo, ya Throckmorton, ilifichuliwa 1583, na Januari 1584 balozi wa Hispania, Bernardino de Mendoza, akafukuzwa London. Tarehe 10 Julai 1584 William wa Orange, kiongozi wa Waprotestanti wa Uholanzi, alipigwa risasi nyumbani kwake Delft. Washauri wa Elizabeth walijiona wamebaki na mwanamke mmoja asiye na mtoto wala mrithi aliyetangazwa, na bastola moja ingetosha. Oktoba wakaandaa kiapo cha pamoja: Elizabeth akiuawa, watiaji saini watamuua muuaji pamoja na yeyote ambaye kifo hicho kingempa kiti, awe anajua au hajui. Sheria ya 1585 ililainisha jambo hilo. Ilitaka tume ya watu wasiopungua 24 ichunguze, na ilitaka ithibitike kwamba anayedai kiti *alijua* mpango. Neno hilo la kujua ndilo lililoifanya barua iwe na thamani.

Sasa pipa. Desemba 1585 Mary alihamishiwa Chartley, Staffordshire, chini ya Amias Paulet, mlinzi mkali aliyeziba njia zote za barua. Mwezi huohuo Gilbert Gifford, Mkatoliki aliyetoka Ufaransa, alikamatwa bandari ya Rye akakubali kumtumikia Francis Walsingham, katibu wa malkia. Ikafunguliwa njia mpya, moja tu. Mary alimsomea barua katibu wake Nau kwa Kifaransa, naye akaiandika. Katibu wa pili, Curle, aliitafsiri kwa Kiingereza na kuiandika kwa herufi za siri. Karatasi ilikunjwa ndani ya kifuko kisichopitisha maji, kikaingizwa kwenye kizibo cha pipa tupu la bia lililokuwa likirudi kwa mtengeneza bia wa Burton. Yule bwana alilipwa na pande zote mbili. Kutoka kwake barua ilifika kwa watu wa Walsingham. Thomas Phelippes aliifumbua na kunakili, Arthur Gregory akarudishia lakiri isionekane imeguswa, ndipo ikaendelea na safari. Zilizokuja kwa Mary zilipita njia hiyohiyo kinyumenyume, ndani ya pipa lililojaa.

Herufi za siri zenyewe zilikuwa dhaifu. Kulikuwa na alama 23 za herufi, zaidi ya 30 za maneno kamili, na chache zisizo na maana za kumpoteza msomaji. Tatizo ni kwamba kila herufi ilikuwa na alama moja tu. Kiingereza hurudia *e* kuliko herufi nyingine yoyote, kwa hiyo hesabu alama inayojitokeza mara nyingi zaidi na mlango umefunguka. Phelippes hakuhitaji muujiza. Kibaya zaidi, walioandika waliamini wamejificha, wakasema wazi mambo ambayo bila herufi hizo wangeyasema kwa mafumbo.

Hapa wanaingia wale waliosoma kidogo zaidi, nao hunichosha kuliko watu wa wivu. Wao husema Walsingham aliitunga yote njama ya Babington, ile ya 1586 ya kumuua Elizabeth na kumtoa Mary kizuizini. Tutenganishe mambo. Njia ya barua ilikuwa yake, kweli. Mpango wa mauaji haukuwa wake: padri John Ballard na vijana waliomzunguka Anthony Babington waliuzungumza wenyewe, na Ballard alishaonana na Mendoza huko Paris. Walsingham aliwaacha waendelee huku akitazama, na hilo ni zito, lakini kumwacha mtu aandike si kumwandikia.

Kughushi kulikuwepo, mahali pamoja. Babington alimwandikia Mary tarehe 6 Julai 1586 akimweleza wazi kwamba waungwana sita watamwondoa Elizabeth. Mary alijibu tarehe 17 Julai. Phelippes alipoifumbua alichora mti wa kunyongea juu ya nakala aliyompelekea Walsingham. Kisha mwishoni mwa barua iliyokwenda kwa Babington ikaongezwa nyongeza, kwa herufi zilezile za siri, ikimwomba ataje majina ya wale sita. Rasimu ya nyongeza hiyo ipo hadi leo kwenye nyaraka za serikali ya Uingereza, na mwandiko ni wa Phelippes.

Watu wakilijua hili husema, basi, kila kitu ni cha kughushi. Hapana. Nyongeza haikutolewa mahakamani, wala haikuhitajika. Waungwana sita wamo ndani ya barua yenyewe. Mary anauliza wataifanyaje kazi yao, anauliza habari za bandari, farasi na majeshi ya nje, na anaagiza kwamba vikosi vikiwa tayari ndani na nje ya nchi ndipo wale sita waanzishwe, naye atolewe Chartley mara moja. Neno kuua halimo. Lakini alikuwa anajibu barua iliyolitaja, na sheria iliuliza kama alijua.

Vitabu vya shule hupenda kuufunika udhaifu wa ushahidi huu. Kwenye kesi yake katika ngome ya Fotheringhay, tarehe 14 na 15 Oktoba 1586, Mary alidai aonyeshwe maandishi ya mkono wake mwenyewe. Hayakuwepo. Kilichosomwa ni nakala iliyopitia mikononi mwa watu waliomtaka afe, ikathibitishwa na Nau na Curle wakiwa kifungoni. Mary hakuruhusiwa wakili. Mimi naamini aliiandika, kwa sababu makatibu wote wawili walikubali kiini chake, lakini sitamwita mjinga anayesema hukumu ilisimama juu ya karatasi nyembamba. Na zile barua 57, nyingi zikiwa zake kwa balozi wa Ufaransa, Castelnau, zilizofumbuliwa 2023, haziamui jambo hili upande wowote. Ni za 1578 hadi 1584. Chartley haikuwa imefika.

Jihadharini pia na tarehe. Uingereza ilitumia kalenda ya zamani, wakati Ufaransa na Hispania zilishahamia mpya, siku kumi mbele. Tarehe 17 Julai ya Chartley ni tarehe 27 Paris. Tena mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, kwa hiyo hati ya kumuua Mary, iliyotiwa saini 1 Februari 1587, kwenye nyaraka nyingi ni ya 1586. Watu huona tarehe mbili wakapiga kelele za udanganyifu.

Hati hiyo Elizabeth aliitia saini, akamwachia katibu Davison, na wakati huohuo akataka Paulet ashawishiwe amuue Mary kimyakimya. Paulet alikataa kwa maandishi tarehe 2 Februari. Baraza likapeleka hati bila kumwambia malkia tena, na tarehe 8 Februari shoka likashuka. Davison alitupwa Tower, gereza la London. Simsafishi Elizabeth, kutaka mauaji ya gizani ni jambo baya. Lakini aliogopa kitu mahususi: mahakama ikishaweza kumuua malkia aliyepakwa mafuta, inaweza kumuua mwingine. Kama alitaka kweli hati ibaki mezani, tunategemea maelezo ya Davison, aliyekuwa akijitetea.

Wala Armada, kundi la meli za Hispania zilizokuja kuivamia Uingereza 1588, haikuja kulipiza kisasi cha Mary. Mkataba wa Nonsuch, uliopeleka askari wa Elizabeth Uholanzi, ni wa Agosti 1585, na mkuu wa majeshi ya bahari ya Hispania, Santa Cruz, aliwasilisha mpango wa uvamizi 1586, Mary akiwa hai. Uhai wa Mary kwa kweli ulimzuia Felipe II, mfalme wa Hispania. Mama yake Mary alikuwa wa ukoo wa Guise wa Ufaransa, na Felipe hakutaka kumwaga damu na fedha ili kiti cha London kiegemee Ufaransa. Tangu 1580 alikuwa pia mfalme wa Ureno. Ndiye ambaye chini ya utawala wake Wareno walianza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593. Mfalme wa ukubwa huo hakungoja kifo cha Mary kumpa sababu ya vita.

Swali linalostahili nafasi iliyopewa wivu ni kwa nini Mary, mwenye uzoefu wa miaka ya barua za siri, alijibu. Mwanzoni mwa Julai 1586 mwanawe James VI, mfalme wa Uskoti, alifunga mkataba na Elizabeth huko Berwick, na pamoja nao posho ya pauni 4,000 kwa mwaka. Mama yake hakutajwa. Barua ya Babington iliandikwa siku hizohizo, ikaingia Chartley ndani ya pipa siku chache baadaye.