Tumbo limevurugika baada ya kula: maswali ninayoulizwa kila siku kituoni

Nafanya kazi katika kituo cha afya Dar es Salaam, upande wa wagonjwa wa nje. Jumatatu asubuhi benchi letu hujaa watu waliokula harusini Jumamosi, au waliokula kiporo cha harusi hiyo Jumapili. Wengi wana maswali yale yale: nimekosea wapi jikoni, nile wapi mtaani, na sasa nifanyeje. Nitajibu yote, ila kuna moja nitalirudia mpaka mnichoke: anayeharisha ANYWE, na asikae nyumbani akisubiri Flagyl imponye.

Kuharisha ni nini hasa?

Ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya siku moja. Kichanga anayenyonya maziwa ya mama pekee akipata choo laini mara nyingi, huyo haharishi, msimtese na dawa. Kwa watu wazima na watoto wakubwa, wanaoleta shida mara nyingi ni virusi, bakteria na sumu za bakteria, wanaoingia kwa chakula, maji na mikono michafu. Si jambo dogo: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka duniani kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufa.

Wali ulibaki usiku, asubuhi nikaupasha ukawa wa moto kabisa. Umeniumizaje?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu taratibu. Kwenye mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi unapopika. Wali ukiachwa sufuriani juu ya meza, kwa joto hili letu, zile mbegu huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Sumu inayotapisha haiharibiwi na moto wa jikoni. Kwa hiyo ukiupasha asubuhi unaua bakteria, lakini sumu unaila pamoja na chai. Kutapika huanza mapema, mara nyingi ndani ya saa sita.

Basi msiniambie mliupasha vipi. Niambieni ulilala wapi.

Chakula kilichoiva kisikae nje kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Pilau ya shughuli ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu sufuria ni kubwa na katikati yake hubaki vuguvugu mpaka alfajiri. Imwage kwenye masinia mapana ipoe haraka, kisha igawe kwenye vyombo vidogo uweke kwenye friji. Kama huna friji, au umeme umekatika usiku kucha, wape majirani kikiwa bado cha moto, au pika kinachoisha. Hotpoti husaidia kutoka mchana hadi mchana huo huo, si kutoka jana hadi leo. Vyakula vya nazi, kama maharage, kisamvu na mchuzi wa samaki, nazi huviharibu upesi, hilo mama zangu mnalijua kuliko mimi.

Lakini nilinusa kwanza, kilikuwa hakijachacha.

Pua haioni sumu. Chakula kinaweza kunukia vizuri na kikakulaza chini. Anayekionja "kuhakikisha" ndiye huwa wa kwanza kufika kwetu.

Jikoni kwangu ni pasafi, kila kitu napiga deki. Kosa liko wapi?

Mara nyingi kosa liko kwenye kibao na kisu. Dada anakata kuku, anakipangusa kisu kwa kitambaa, halafu kwa kisu hicho hicho, juu ya kibao hicho hicho, anakata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kuku atapikwa, wadudu wake watakufa. Kachumbari haipikwi. Katakata kachumbari kwanza, ifunike, ndipo umguse kuku. Baada ya hapo osha kisu, kibao na mikono kwa sabuni, na kile kitambaa kinachofuta meza, mikono na sufuria kwa wiki nzima kichemshe au kitupe. Ndimu kwenye kachumbari ni kwa ladha, usiitegemee kuua vimelea.

Kuku aive mpaka kwenye mfupa pasiwe na damu. Samaki na mayai vivyo hivyo.

Nikila nje nichague wapi? Mama ntilie si hatari kuliko hoteli?

Si lazima. Mama ntilie aliyepika leo asubuhi na sufuria zikaisha saa nane mchana ananipa imani kuliko bafe ya hoteli ambayo chakula kimekaa vuguvugu kuanzia adhuhuri hadi jioni. Mimi mwenyewe nakula kwa mama ntilie. Ninachokiangalia ni hiki: wali unatoka mvuke? Sufuria ya mchuzi iko jikoni au imeshatelekezwa pembeni? Kuna ndoo yenye bomba na sabuni, au mnanawa wote kwenye beseni moja? Anayepakua ndiye anayeshika noti? Halafu nachungulia nyuma, pale vyombo vinapooshwa. Kama ni ndoo moja ya maji ya kijivu, naaga.

Pale Feri, soko la samaki la Kivukoni, nunua samaki uliyemchagua mwenyewe, mwenye macho angavu na mashavu mekundu ndani, akaangwe mbele yako. Wale waliokaangwa tangu asubuhi na kulala wazi kwenye sinia, inzi wakipokezana, waache. Vibua na jodari walioshinda juani bila barafu usiwale hata wakikaangwa upya, kwani wana sumu yao ambayo moto hauiondoi: uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Ukienda Zanzibar, Forodhani usiku, mishkaki ya pweza na kamba imepangwa mezani kwa uzuri wa kuvutia macho, lakini chagua mchuuzi atakayeichoma mpaka iive moto ndani, si ya kupitishwa tu juu ya makaa. Urojo ukiwa unachemka sina neno nao. Chatne ndiyo huwa naiulizia imetengenezwa saa ngapi.

Chipsi mayai ikitoka kwenye karai ni salama. Kinachotuletea wagonjwa ni kile kiganja cha kachumbari kinachotupiwa juu. Na juisi ya miwa: ulizeni barafu imetengenezwa kwa maji gani, maana kugandisha hakuui vimelea, kunawalaza tu.

Tumbo lilipoanza nilinunua Flagyl dukani. Si ndiyo dawa ya kuharisha?

Hapana. Flagyl ni dawa ya amiba, giardia na bakteria wa aina fulani. Haiui virusi. Haiondoi sumu ya wali. Haitibu kipindupindu. Na vile vidonge vinne mnavyonunua kwa sarafu ya chenji si dozi ya kutibu kuharisha. Mtu anameza Ijumaa, anasubiri Jumamosi, anaongeza Jumapili, Jumatatu analetwa na bodaboda akiwa katikati ya watu wawili, macho yameingia ndani. Siku tatu hizo hakunywa maji ya maana. Mwulize kwa nini. Atakwambia: "Niliogopa kuharisha zaidi."

Si kweli kwamba ukinywa maji unaharisha zaidi?

Si kweli.

Naomba niliseme tena kwa yule bibi anayempokonya mjukuu kikombe: si kweli. Choo kinaweza kuonekana kingi, lakini maji hayo yangetoka hata usingempa kitu. Tofauti ni kwamba usipompa, yanatoka ya mwilini mwake. Anayeua mgonjwa wa kuharisha mara nyingi ni ukosefu wa maji na chumvi. Unapomnyima maji unausaidia ugonjwa.

Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, si nusu pakiti kwenye kikombe, si pakiti nzima kwenye glasi. Ikipita siku moja mwaga, koroga nyingine. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena kwa kijiko, polepole. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apate na zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na amalize dozi hata kama ameacha kuharisha siku ya pili. Wa chini ya miezi 6 anapewa nusu yake.

Soda haifai. Sukari yake nyingi huvuta maji kwenda utumbo na kuongeza kuharisha. Nasema hivi huku nikijua kwamba jioni ya leo kuna mtu atamnywesha mtoto soda iliyotolewa gesi.

Usiku wa manane ORS nitaipata wapi?

Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazisha, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi mwaga, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Hii ni ya kukufikisha asubuhi. Uji mwepesi na madafu pia anywe, na anayenyonya aendelee kunyonya. Kula asikatazwe.

Mtoto wangu anaharisha kwa sababu anaota meno. Nako nije?

Njoo. Meno hayaharishi. Mtoto wa umri huo anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, ndipo wadudu wanapoingia. Ukisema "ni meno" unajipa ruhusa ya kusubiri, na mtoto wa miezi 8 hana akiba ya kusubiriwa.

Na wale wanaompeleka mtoto kwa mtu wa kung'oa "meno ya plastiki", eti ndiyo yanayomharisha: hakuna meno ya plastiki. Kinachochimbwa kwenye fizi ni meno yake halisi yasiyotoka bado. Mnamrudisha nyumbani akiharisha vile vile, na sasa ana kidonda na damu mdomoni.

Ni lini nisisubiri kabisa?

Choo chenye damu. Kutapika kila anachokunywa. Kulegea, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida. Macho kuingia ndani, mtoto kulia bila machozi, utosi kubonyea, kukosa mkojo. Finya ngozi ya tumbo uiachie. Ikirudi taratibu, ondokeni. Mjamzito, mzee na mtoto chini ya mwaka mmoja waje mapema zaidi.

Na choo kikiwa kama maji ya mchele, kingi, bila maumivu makubwa, usingoje kuche. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Wakazi wa Kinondoni waliokuwepo Agosti 2015 hawahitaji kusimuliwa. Mbebe mgonjwa na chupa ya ORS mkononi, mkimnywesha njiani.

Nimeugua baada ya kula mahali fulani. Nimwambie nani?

Tuambie sisi kwanza: ulikula nini, saa ngapi, na nani mwingine ameugua. Kama mko wawili au zaidi mliokula sahani moja, mtaarifuni afisa afya wa kata, mwulizieni kwenye ofisi ya mtendaji. Chakula kilichobaki msikitupe mpaka tuzungumze; kifungeni vizuri, kiwekeni mbali na watoto.