HD si uwiano wa pande

Uwiano wa pande ni upana wa picha ukilinganishwa na kimo chake. Runinga pana ni 16:9, iwe ya inchi 32 au 65. Hiyo ndiyo maana yake, haina zaidi.

Kinachochosha ni HD kugeuzwa dawa ya kila ugonjwa. Mteja anayejaziwa ohangla, muziki wa Waluo, kwenye flashi pale Kondele, Kisumu, akiona uso wa msanii kwenye kava ya albamu umevimba kwenye skrini ya runinga, utamsikia: "Hii si HD, niwekee HD." HD ni hesabu ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Kava ya albamu ni mraba. Itengeneze hata ya 3000 kwa 3000, bado itaacha pau nyeusi kushoto na kulia. Ni kweli 1280 kwa 720 na 1920 kwa 1080 zote ni 16:9, na hapo ndipo watu hunaswa.

Umbo hilo lina historia yake. Runinga za zamani zilikuwa 4:3, uwiano uliorithiwa kutoka filamu za mwanzo. Miaka ya 1980, Kerns Powers, mhandisi Mmarekani, alitafuta mstatili mmoja utakaobeba filamu nyembamba na pana bila kupoteza nafasi nyingi. Zidisha 1.33 (yaani 4:3) kwa 2.35 (filamu pana), tafuta kipeuo cha pili: takriban 1.77. Gawanya 16 kwa 9: 1.78. Kava za muziki hazikuwa kwenye hesabu hiyo, kwa hivyo tusiilaumu runinga.

Sasa chukua kava ya 1080 kwa 1080. Ukiivuta hadi 1920 kwa 1080, upana unaongezeka kwa asilimia 78 na kimo kinabaki palepale. Ndiyo maana mashavu yanajaa. Ukiikuza hadi 1920 kwa 1920 kisha ukate, pikseli 840 za kimo zinakwenda, mara nyingi pamoja na jina la msanii.

Badala yake, kwenye programu ya kuhariri picha, fungua turubai mpya (ukurasa mtupu wa picha) ya 1920 kwa 1080. Weka nakala ya kava iliyokuzwa hadi 1920 kwa 1920, itie ukungu na uipunguze mwanga. Juu yake, katikati, weka kava yenyewe. Kila upande utabaki na pikseli 420 za ukungu badala ya weusi. Kwenye GIMP, mojawapo ya programu hizo, hakikisha alama ya mnyororo kati ya upana na kimo imefungwa kabla ya kubadilisha saizi. Maandishi yakigusa ukingo, shusha kava hadi 972 kwa 972, kwa sababu baadhi ya runinga hukata kingo kidogo. Hifadhi kama JPEG ya kawaida ya RGB, mfumo wa rangi za skrini. Ile ya CMYK, mfumo wa rangi za uchapishaji, ya kupeleka kwa mchapishaji, runinga nyingi hugoma kuifungua kutoka kwenye flashi, na hapo pia mtu atasema si HD.

Kwa hivyo mteja akiomba HD, mwulize kwa upole: picha ina ukungu, au imevutika? Ikiwa imevutika, anachotaka ni 16:9.