Kenya ya mwaka 1920: himaya na koloni si kitu kimoja

Kila inapokaribia Sikukuu ya Jamhuri, hurudiwa redioni na madarasani sentensi ile ile, kwamba Uingereza iliifanya Kenya koloni lake mwaka 1895. Safari hii nimeisikia kwa mtangazaji ninayemheshimu, ambaye dakika chache baadaye alitaja "himaya ya Warumi" akikusudia dola yao kubwa, nikaona maneno mawili yamepotea kwa mkupuo mmoja. Himaya ni nchi iliyowekwa chini ya ulinzi wa dola nyingine, huku kisheria ikihesabiwa kuwa bado ni nchi ya kigeni. Koloni ni nchi iliyotwaliwa ikawa milki ya dola hiyo. Sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa himaya tangu 1895, ikafanywa koloni mwaka 1920.

Himaya tumeipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kulinda na kukinga. Katika mzizi huohuo limo neno hima, yaani malisho yaliyotengwa ambayo mifugo ya watu wengine haikuruhusiwa kuyaingia. Ndiyo maana tunasema yatima yumo katika himaya ya mjomba wake, wala hatukusudii kwamba mjomba anammiliki. Anayeliita dola la Warumi himaya analivua neno hili ulinzi wake wote, na mwanafunzi akikutana nalo katika historia ya Kenya, Uganda au Zanzibar hawezi tena kujua limetumiwa kwa maana gani.

Koloni lina asili nyingine kabisa. Kwa Kilatini mkulima aliitwa colonus, kutokana na kitenzi cha kulima, na colonia yalikuwa makazi ya Warumi katika nchi walizozishinda, ambako mara nyingi askari waliomaliza utumishi wao walipewa mashamba wakalowea huko. Mji wa Köln nchini Ujerumani bado unabeba jina hilo. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lina jembe ndani yake, na ardhi iliyokuwa ya mtu mwingine. Anayekumbuka jinsi serikali ilivyowagawia mashamba ya nyanda za juu za Kenya, mwaka 1919, wanajeshi wa Kizungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, ataona kwamba maana ya kale ilikuwa imekwisha kutimia kabla neno lenyewe halijatiwa katika jina la nchi.

Huenda mtu akauliza tofauti hii ina faida gani, ikiwa ardhi ilichukuliwa kabla na baada ya 1920. Ni kweli ilichukuliwa: sheria ya ardhi ya 1902 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 99, na ile ya 1915 ikairefusha hadi miaka 999. Lakini walioamua kesi za wenyeji hawakuyachukulia maneno haya kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Mwaka 1913 Wamaasai, wakiongozwa na Ole Njogo, walikwenda mahakamani kupinga kuhamishwa kutoka Laikipia. Walijibiwa kwamba nchi ni himaya, wao si raia wa Mfalme, na mapatano yao na serikali ni mkataba wa dola na dola ambao mahakama haina uwezo wa kuusikiliza. Kisha mwaka 1921, katika kesi ya Wakikuyu wawili waliogombea shamba, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba sheria ya 1915, pamoja na amri ya 1920 iliyoifanya nchi koloni, zimefuta haki za wenyeji juu ya ardhi, nao wamebaki wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Mfalme. Neno la kwanza lilikuwa limewafungia Wamaasai mlango wa mahakama. La pili liliwapokonya Wakikuyu hata msingi wa kudai.

Amri hiyo ilitolewa Juni 1920 ikaanza kutumika Julai, na sababu yake moja ilikuwa ya fedha, kwa kuwa koloni liliweza kukopa katika soko la London kwa masharti ambayo himaya haikuyapata. Hata hivyo haikuugusa ukanda wa pwani wa maili 10, uliokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar na ambao Uingereza ilikuwa imeukodi tangu 1895 kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Aliyepanga nyumba hawezi kujiandikia hati ya kuimiliki, na kwa hiyo jina rasmi likawa refu: Koloni na Himaya ya Kenya. Juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea hadi 1963, mwaka ambao Zanzibar iliafikiana na Kenya kwamba ukanda huo uwe sehemu ya nchi mpya.

Basi mwalimu akiuliza Kenya ilifanywa koloni mwaka gani, na mtoto wa Nyeri akaandika 1920, amepata. Na mtoto wa Lamu akiandika kwamba kwao hapakuwahi kuwa koloni, ningemwomba mwalimu asimkate alama.