Ukingo wa mto huporomoka lini?

Katika uwanda wa Kano, magharibi mwa Kenya, kandokando ya mto Nyando, husemwa mara kwa mara kwamba mafuriko yakishapita na maji kurudi mtoni, hatari ya kupoteza shamba imekwisha. Dhana hiyo si sahihi, na huwagharimu watu ardhi.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji yaendayo kasi hugonga ukingo wa nje wa kona, ambako mkondo una nguvu zaidi, yakachimba udongo wa chini huku sehemu ya juu, iliyoshikwa na mizizi ya nyasi, ikibaki inaning'inia. Mto ukiwa umejaa, maji yenyewe huuegemeza ukingo huo. Yanaposhuka haraka, udongo uliolowa hadi ndani na kuwa mzito hupoteza egemeo lake, na bonge zima huporomoka, pengine siku ya jua kali mto ukiwa umetulia. Ufa mrefu unaofuata ukingo, hatua chache kutoka majini, ndio dalili kubwa. Aliyeuona asilime hapo wala asifunge ng'ombe.

Upande wa ndani wa kona maji huenda polepole, hivyo mchanga hutua na kujenga ardhi mpya. Ndiyo maana mto unaweza kuhama bila kupanuka. Sakafu yake nayo huchimbika maji yakijaa, kisha hufukiwa tena yanapopungua, kwa hiyo kivuko kilichokuwa salama Februari kisiaminiwe Juni kabla ya kina chake kupimwa upya.